Vipimajoto Sita vya Bwana Chupa

Shemeji yangu ametunza maabara ya shule moja kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi humwita Bwana Chupa. Hakusomea kazi hiyo. Aliingia kama mfagizi, akajifunza kwa vitabu ambavyo walimu walikuwa wakivitupa, na kila jaribio alilolitayarisha aliliandika kwenye daftari: tarehe, kipimo, na kilichoharibika. Enzi hizo mwalimu wa sayansi ulimjua kwa madoa ya dawa vidoleni. Siku hizi vidole vyao vinang'aa.

Alipoambiwa kwamba walimu wanane watafundishwa kutumia intaneti katika vipindi vya sayansi, tena humo humo maabarani, alipangusa meza na kupanga viti. Lakini siku ya kwanza alimwona mkufunzi, kijana mwenye kadi shingoni, akipima dirisha kwa futi kamba na kutia alama ya chaki.

"Mtu aliyekuja kufundisha anapima dirisha la nini?" aliniuliza.

"Labda mapazia."

"Mapazia! Wewe nawe, shemeji, umezeeka bure."

Kesho yake alimsikia mwalimu mkuu akisema kwamba mkufunzi ataandika ripoti. Vifaa vikionekana vibovu, maabara itafungwa, chumba kiwe cha kompyuta chenye nondo madirishani, na majaribio yatazamwe kwa video. Tangu hapo ufunguo wa maabara haukutoka mfukoni mwa shemeji.

Siku ya tatu walimu walionyeshwa video ukutani. Maji yalichemka kwa nusu dakika, hakuna aliyesubiri, hakuna aliyeungua. Kisha mkufunzi akataka walimu walinganishe na maji ya kweli. Shemeji akatoa vipimajoto sita kutoka kwenye sanduku lenye pamba. Maji yakatokota, na vyote sita vikagota kwenye nyuzi tisini na tano.

"Mtandao unasema mia," mkufunzi akasema. "Mzee, vipimajoto vyako vimechoka."

"Vyote sita vimechoka sawasawa? Vilikaa kikao lini?"

Walimu wakaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka; aliandika kitu kwenye fomu yake. Walimu watano nao wakainama na kuandika mia, na hali macho yao yalikuwa yameona tisini na tano. Hilo ndilo lililomuuma shemeji kuliko ile fomu.

Akalileta daftari, akalifungua mezani. "Soma. Humu ndani maji hayajawahi kufika mia hata siku moja."

"Kwa heshima zote, mzee wangu, daftari la mkono si ushahidi."

Mwalimu wa fizikia, binti aliyesoma kwenye maabara hiyo hiyo, akavuta kompyuta. "Bwana Chupa, nipe dakika moja." Akauliza jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliuliza: mji huu uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari? Akasoma kwa sauti. Kwenye miinuko hewa haikandamizi maji sana, kwa hiyo huchemka kabla ya mia. Kwa kimo cha mji wetu, ni kama tisini na tano.

"Basi vipimajoto viko sawa kabisa!" mkufunzi akasema kwa furaha, utadhani amevitengeneza yeye. Akakata alichoandika. Wale watano wakafuta mia zao.

Mwalimu mkuu akampiga shemeji begani. "Umeona, Bwana Chupa? Mtandao umekuokoa."

"Umeniokoa na nani?"

Walikuwa wameshaitwa chai.

Ripoti ilisema maabara ibaki, na imebaki. Binti yule alitaka kubandika ukutani ule ukurasa wa mtandao. Shemeji akamwambia abandike ukurasa wa daftari kwanza. Akavifuta vipimajoto, akavilaza kwenye pamba yao, akafunga mlango na kuujaribu mara mbili.

Ile alama ya chaki dirishani hajaifuta mpaka leo. Kila asubuhi huitazama, aone kama imeongezwa ya pili.