Tisa ya Wagiriki

Mwaka niliorudi Kikwajuni na shahada yangu, nilikuwa nimechoka kabla hata sijazoea kazi. Alfajiri foleni ya mchele, kisha darasani kufundisha hisabati, na jioni kichwa hakikubali kupumzika.

Mama alikuwa amenitafutia mchumba, na mimi nilimtaka. Kabla ya kupeleka posa alinichukua kwa mwalimu wa mtaani tutazamiwe nyota. Mwalimu aligeuza jina langu na la msichana, na ya mama zetu wawili, kuwa hesabu, maana kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Akajumlisha, akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ikabaki tisa.

"Tisa njema," alisema. "Oa, baba."

Mama alitoka akitabasamu. Mimi nilitoka na wasiwasi. Chuo kikuu nilisoma kwamba Wagiriki wa kale nao walihesabu kwa herufi, na tisa yao ni theta: duara lenye mstari katikati, ile ile niliyokuwa nikiiandika ubaoni kuonyesha pembe. Siku hizi huitamka kama th ya thelathini, ulimi baina ya meno. Neno lao la kifo huanza nayo, na wengine waliifanya alama ya mauti. Tangu siku ile, kila pembetatu niliyochora ilinitia baridi.

Nikaanza kumwambia mama tungoje kidogo. Akavumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Kwao washaanza kuuliza," alisema bila kuinua macho. "Yuko mwengine anabisha hodi. Kesho nnakwenda. Una nini wewe?"

Nikamweleza yote, theta na mauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kijiwe mlangoni.

"Sasa nikafike pale niseme nini? Wagiriki wamekataa?"

Nilijiona nimekaa pale, msomi mzima, naogopa duara, na msichana wa watu anangoja. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

"Nenda, mama," nikasema.

"Naona utakwenda na mimi mpaka mlangoni, usije ukageuka."

Asubuhi nilimsindikiza, nikamwacha mlangoni kwao, nikaenda kazini. Somo lilikuwa pembe. Niliandika theta ubaoni, nikaendelea kufundisha huku nikitazama saa.