Chupa ya chai yenye kifuniko chekundu: jinsi hadithi yangu ya mapenzi ilivyomuumiza jirani yangu hapa Garsen

Wakuu, salamu zenu kutoka Garsen, huku jua likiwaka hata mbuzi anauliza kivuli kiko wapi.

Haya ninayoandika yametokea, na mkosaji ni mimi. Majina si yao. Mwenyewe niliyemkosea ameniruhusu niyaseme, na aliniruhusu kwa sharti moja ambalo nitalitaja mwishoni.

Kwanza mnijue. Nilitoka kijiji cha Wema na panga moja na ndala zilizofungwa kwa waya. Shule niliishia darasa la sita. Leo nina hardware ya milango miwili mjini. Mabati, saruji, vitasa, pampu za maji, vyote kwangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nikisema nyumba nyingi za Garsen zimeezekwa kwa mabati yangu sijisifu, inua macho tu uone.

Sawa, najisifu kidogo. Lakini mabati si yapo?

Kitu ambacho mji haukukijua ni kwamba mimi pia ni mtunzi wa hadithi za mapenzi.

Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Saa saba mchana jua likishawafukuza wateja, nakaa nyuma ya kaunta katikati ya makopo ya rangi, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Episode moja moja, naitupa kwenye group la wasomaji. Nilianza kwa jina langu, nikaona hakuna mwanamke atakayemwamini muuza misumari akizungumzia moyo. Nikajiita Binti wa Mtoni.

Hapo mambo yakalipuka. Lamu wakanisoma, Malindi wakanisoma. Bura kule kwenye skimu nilisikia akina mama wanasomeana kando ya mfereji wakingoja zamu ya maji. Na mimi na ndevu hizi, mtu wa safu ya mbele msikitini, ningejulikana ningehama mji.

Siri ya kazi yangu niwape bure: mimi sibuni. Nasikiliza.

Mtu anaingia dukani anasema nataka kitasa kigumu, mke wangu amehamia chumba cha pili. Nampa kitasa, hadithi inabaki kwangu. Nikiiandika nabadilisha jina, kijiji, kabila, hata kazi. Miaka yote hiyo hakuna aliyejitambua. Nikajiona fundi.

Sasa tuje kwa Mama Saidi.

Ana hoteli mkabala na duka langu. Mjane. Amemlea mwanawe Saidi kwa mahamri na mbaazi mpaka leo Saidi ni dereva wa lori, makazi yake Madogo. Mama Saidi hakusoma. Siku moja alivuka barabara akaja kwangu, simu ameifunga kwenye ncha ya leso.

"Baba Maro, nisomee hii. Na ukicheka nakumwagia mbaazi."

Meseji ilikuwa ya Mzee Guyo. Huyu ni dalali wa ng'ombe, Muorma, mtu mpole, naye alifiwa na mke zamani. Kila siku ya soko la mifugo lazima umwone Garsen na bakora yake. Ameandika maneno manne tu: Leo nimefika Bangale salama.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

Akanisogezea simu karibu zaidi. "Nisomee tena."

Tangu hapo nikawa msomaji wake na mwandishi wake. Yeye anasema, mimi naandika. Na kwa vile mimi ni Binti wa Mtoni, kidole kikawa kinaniwasha, nikaongeza mambo ya nyota na mawimbi ya moyo. Nikimsomea anakunja uso.

"Ondoa hayo. Mimi ni mama wa mahamri. Mwambie avae viatu vilivyofunika vidole, basi."

Vidole kwa sababu Mzee Guyo ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kwake si mchezo.

Na hapa ndipo chupa inapoingia, wakuu, mniangalie vizuri.

Kila siku ya soko Mama Saidi alikuwa anapika chai moja kando, haina sukari hata chembe, kwa maziwa ya Habona. Habona ni mama wa Kiorma anayemletea maziwa kila asubuhi, rafiki yake wa tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Hiyo chai anaitia kwenye chupa yenye kifuniko chekundu, anaiweka pamoja na zile nyingine za wateja mezani. Mteja akiinyooshea mkono anaambiwa, "Hiyo imeisha." Mzee Guyo akija anakaa kona, karibu na pipa la maji, anamiminiwa kimya kimya kutoka ile iliyoisha.

Nusu ya Garsen imeshaambiwa hiyo imeisha. Hata mimi niliambiwa, nikanywa maji nikaenda zangu.

Alinieleza mwenyewe, ameegemea kaunta yangu, anacheka kama msichana.

"Hili tunalijua mimi, Habona, na sasa wewe. Mwanangu bado. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu, uso kwa uso, ndipo Mzee alete watu wake wa posa waseme na yeye."

Wa huku mnaelewa. Mama wa Kipokomo, mzee wa Kiorma, na yale mapigano yaliyowahi kupita kati ya wakulima na wafugaji. Jambo kama hilo halitaki kelele. Na wakati huo mto ulikuwa umefurika, barabara imekatika, Saidi amekwama upande wa Madogo. Mama alikuwa anangoja maji yashuke tu.

Wiki hiyo mimi sikuwa na episode.

Group linawaka. Binti mbona kimya? Binti umetuacha? Mimi ni mtu wa sifa, sikatai. Nikaketi nikaandika.

Nilibadilisha kila kitu. Mama nikamfanya Mgiriama, nikampeleka Kipini. Mzee nikamfanya fundi cherehani. Ng'ombe nikawafuta wote. Ikabaki chupa. Nikajaribu kuitoa, naapa. Nikaweka sufuria, nikaweka sahani ya samaki iliyofunikwa. Kila nikiitoa chupa hadithi inalala kama tairi lililopata pancha. Nikirudisha chupa, kifuniko chekundu, chai isiyo na sukari, na yale maneno mawili, inasimama.

Nikaiacha. Nikajiambia Kipini ni mbali.

Wakuu, sijawahi kupata sifa kama zile. Akina mama wanaandika wamelia. Mmoja akauliza, Binti, hii chupa uliitoa wapi?

Nikamjibu: kichwani mwangu, mpenzi.

Siku ya tatu hadithi ikaingia Garsen.

Niko dukani napima misumari, nasikia kule ng'ambo mtu anaita kwa sauti, "Mama Saidi, nimiminie ile iliyoisha!" Vicheko. Mwingine akadakia, "Na mimi nina sukari, mama, nihurumie!" Hoteli nzima ikaangua. Mama Saidi amesimama na upawa mkononi, haelewi. Halafu nikaona anaelewa.

Mimi sikuinua kichwa. Niliipima ile misumari mara mbili.

Siku ya soko wakamwanza Mzee Guyo. "Mzee, huyu ndama bei gani, au tulipe kwa chai?" Akawapita na bakora yake. Akaja mpaka mlango wa hoteli, akakuta watu wameacha kula wanaitazama ile kona yake. Akageuza bakora akaondoka. Hakukaa hata kidogo.

Saidi naye akapiga simu. Mama alikuwa kwangu, aliweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake si mazuri, nikasikia yote.

"Mama, habari zako mimi nazisikia kwa utingo wangu? Utingo ndiye ananionyesha screenshot?"

Mama akasema, "Saidi, nilikuwa nangoja maji yashuke." Simu ilikuwa imeshakatwa.

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe.

Mama Saidi alipiga hesabu ya watu wanaojua. Wawili. Mimi hakuniwazia kabisa, nilikuwa msomaji wake. Akamshika Habona.

Asubuhi Habona akaja na galoni lake la maziwa kama kawaida. Mama Saidi akamwambia kutoka mlangoni, "Peleka kwingine."

"Kwingine wapi? Mimi naleta hapa."

"Kwa hao uliowapelekea maneno yangu."

Habona akaliweka galoni chini. "Dada. Mimi hapana toa siri. Mimi natoa maziwa tu."

Mlango wa hoteli ukafungwa nusu. Habona akasimama pale juani, sijui alikuwa anangoja nini, mpaka mteja wangu akaniuliza yule mama ana nini. Nikamwambia sijui. Nikamuuzia bawaba.

Neno moja tu lingetosha, wakuu. Nilikaa nalo mdomoni karibu wiki mbili.

Halafu Mama Saidi akaja dukani saa saba, saa yangu ya kuandika. Mtu alikuwa amemtumia ile hadithi kwenye simu yake. Akaniwekea simu juu ya kaunta.

"Nisomee yote. Usiruke. Nataka nisikie wamesema nini, labda nitaijua sauti ya msemaji."

Nikaanza kwa sauti ya chini, naparaza paraza. Yeye amefumba macho. Lakini mniamini, ile hadithi ilikuwa nzuri. Nilipofika pale mama anaipangusa chupa kwa ncha ya leso kabla mzee hajaingia, nikajisahau. Sauti ikapanda. Nikawa naenda, naenda, hata pumzi naziweka mahali pake, kama imamu anayeipenda khutba yake mwenyewe.

Nilipoinua macho, Mama Saidi alikuwa anaitazama simu mkononi mwangu.

"Simu imezima, Baba Maro."

Nikatazama. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imezima zamani," akasema. "Na wewe bado unasoma."

Mimi nimebishana na mawakala wa saruji kutoka Mombasa nikawashinda. Nimesimama mbele ya wakubwa wa kaunti nikasema mpaka wakanyamaza. Siku hiyo niliirudisha simu yake juu ya kaunta, kama mwizi anayerudisha mali.

Akaichukua simu, akaifunga kwenye leso pole pole, fundo la kwanza, fundo la pili. Sikutukanwa. Alisema kitu kimoja tu.

"Habona nimemwacha juani."

Akavuka barabara.

Kesho yake nilifunga duka, kitu ambacho sikufanya hata siku niliyougua malaria. Nikaenda kijijini kwa Habona nikasema mbele ya wanawe kwamba mtoa siri, huyo Binti wa Mtoni, ni mimi. Habona akaniangalia juu mpaka chini. "Binti ndiyo wewe? Na hizi ndevu?" Akacheka, wanawe wakacheka. Kisha akaacha kucheka. "Lakini yeye hapana niuliza. Alifunga mlango tu." Hilo sikuwa na dawa yake.

Kwenye group niliweka jina langu na picha yangu. Wengi wametoka, na matusi nimeyasoma yote. Msikitini vijana wananiita Binti, naitika.

Maji yaliposhuka nikapanda mpaka Madogo. Saidi alinisikiliza akiwa amesimama kando ya lori lake, kitambaa cha grisi mkononi. Nilijiandaa kupigwa.

"Mzee," akasema, "mimi nisingekataa. Ningekataa nini? Mama amekaa peke yake miaka mingapi? Nilitaka tu anieleze yeye."

Afadhali angenipiga.

Wa mwisho alikuwa Mzee Guyo, nilimkuta sokoni anakagua meno ya fahali. Alinisikiliza bila kuacha kazi. "Hasira sina," akasema. "Lakini pale nilipokuwa nakaa, sasa watu wanakuja kutazama. Mimi si mtu wa kutazamwa." Siku hizi chai anakunywa kule Minjila.

Habona amerudi kuleta maziwa. Wanasalimiana, wanapimiana, anaondoka. Zamani alikuwa anakaa mpaka jua linapanda.

Wiki iliyopita nilijikaza nikaingia hotelini, nikakaa karibu na mlango. Nikamwomba Mama Saidi ruhusa nilieleze jambo hili mahali, ili waandishi wenzangu wasikie. Alikuwa anakanda unga. Alikanda muda mrefu.

"Andika. Lakini safari hii jiweke na wewe ndani. Na ndevu zako."

Ndiyo maana mmenisoma nilivyo.

Somo ni hili, kwa nyinyi mnaoandika mapenzi kwenye magroup na kwenye vitabu. Majina yatabadilishwa, na vijiji pia. Kile kitu kimoja ambacho moyo unakataa kukibadilisha kwa sababu ndicho utamu wa hadithi, hicho si chako. Kina mwenyewe, na anakihitaji kuliko wewe. Mimi nilikichukua nikasema kimetoka kichwani mwangu.

Nawauliza wakuu, na mnijibu bila kunionea haya. Nimfuate tena Mzee Guyo, nimpeleke hata Saidi kwake, au nimeshatia mkono wangu vya kutosha kwenye mambo ya watu nikae mbali? Kila mtu aseme lake, hata mwenye matusi.

Nimesahau kuwaambia. Siku ile nilipoomba ruhusa, nilimwomba na chai. Ilikuwa siku ya soko. Chupa yenye kifuniko chekundu ipo mezani pamoja na nyingine, mbele kabisa. Akaichukua hiyo hiyo, akanimiminia.

Nikaonja. Ilikuwa na sukari.