Mpiga Taipu Aliyesimama Dirishani

Lori lilipinduka nasi njiani tukitoka Koboko. Mimi nilivunjika nyonga, na pingili moja ya mgongo ikahama. Nilipasuliwa mara mbili huko Kampala, kwanza mgongo, halafu nyonga. Makovu yakapona vizuri, nikarudi Arua kwenye kazi yangu ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali kule mlimani.

Lakini nikikaa muda wa barua moja tu, tako la kulia liliwaka ndani kabisa, kama limetiwa kaa la moto. Daktari alitazama picha akasema kila kitu kiko mahali pake. Sikumwamini. Nilisadiki wamesahau pamba humo ndani, wakashona juu yake.

Nikaomba kufanya kazi nimesimama, mashine nikaiweka juu ya kabati la mafaili karibu na dirisha. Karani mkuu aliponiuliza sababu, niliona haya kutaja tako mbele ya wanaume. Nikasema ni mgongo.

Uongo huo uliniponza. Jumamosi moja mwenzetu wa ofisini alipita Aroi, kijijini kwetu, akanikuta shambani kwa mama nimeinama ninapalilia. Kuinama hakukuniuma, kukaa ndiko kulikoniuma. Jumatatu nikakuta watu wamebadilika. Nikikaribia, mazungumzo yanakatika. Karani mkuu akawa anafunika barua zake kwa mkono. Kutoka pale kabatini niliona meza zote na njia yote inayopanda kutoka mjini, na kila mtu alijua shemeji yangu ni askari. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, hayo yalitosha mtu kudhaniwa jasusi. Nami nikaanza kuwachunguza: nani ananitazama, nani atapeleka jina langu wapi.

Mwishowe karani mkuu aliniita, akafunga mlango.

"Mama, mgongo yako haiko na ugonjwa," akasema polepole. "Nani alikutuma kusimama pale?"

"Hakuna mutu. Ni tako, mzee. Siwezi kukalia."

Akainamisha macho. Akataka karatasi ya hospitali, akaisoma pande zote mbili, akanirudishia. Kesho yake nikakuta amegeuza meza yake ili nisione kilicho juu yake.

Dada yangu wa Koboko, mke wa yule askari, alinipeleka kwa mzee aliyewahi kuwa dresa wa jeshi, mfunga vidonda vya askari. Naye nilimshuku, nikamwomba dada asitoke chumbani. Mzee alibonyeza mahali pamoja kwa dole gumba, nikalia machozi. Akaeleza kwamba pamba ikisahauliwa ndani huleta homa na usaha, nami sikuwa na lolote kati ya hayo.

"Hii nyama imekaza, inabana mshipa," akasema.

Alinifundisha kuegemea ukuta nikiwa nimeweka mpira wa matambara pale panapouma, kutembea kila siku, na kukalia blanketi lililokunjwa, lenye nafasi upande wa kulia.

Nilifanya hivyo kwa miezi, nusu nikiamini. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua hata nikaweza kukaa kanisani mpaka mwisho wa mahubiri. Nikarudisha mashine mezani, nikakaa. Wiki ile ile nikasikia wakinong'ona kwamba sasa nimepona kwa kuwa nimeshaona nilichotumwa kuona. Nilivuta blanketi vizuri, nikatia karatasi nyingine kwenye mashine.