Mofa za Edmonton

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mume wangu alijibu bila ya kuulizwa: uji wa shayiri ni chakula cha farasi, na ule mkate wa dukani wa rangi ya udongo hataki hata kuuona. Alikuwa ametoka hospitali, moyo umempa mshtuko. Daktari alimwambia kupanda na kushuka ngazi hakuna neno. Hakuamini. Alijilaza chumbani juu, mkono kifuani, akidokoadokoa ninachompelekea. Kazini, kwenye makao ya wazee, nalisha wazee wa watu wakashiba. Nikirudi nyumbani nashindwa na mmoja. Niliogopa hofu itamuua kabla ya moyo.

Mtaalamu wa lishe alisisitiza nafaka zisizokobolewa, kwamba husaidia kupunguza mafuta mabaya kwenye damu. Akaniuliza kwetu Pemba tulikuwa tukila nafaka gani. Nikataja mchele. Mtama niliona haya kuutaja, maana tuliula mchele ulipoadimika, na mgeni hapewi. Kwenye basi nikajicheka. Nafaka niliyohimizwa ndiyo niliyokulia, halafu najifanya siijui.

Jumamosi nikaukata mji mzima kutoka kwetu Edmonton mpaka Thornton Heath, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, nikarudi na unga wa mtama usiokobolewa. Nikaukanda, nikauacha uumuke, nikafanya mofa, vile vimkate vya mviringo ambavyo kwetu hubandikwa ndani ya tanuri la udongo. Tanuri sina. Nikawasha oveni moto wa mwisho. Haukupita muda moshi ukajaa jikoni na king'ora kikaanza kupiga kelele.

Nikasikia miguu ya mtu anayeshuka ngazi mbio. Akaingia kifua wazi, akanipokonya taulo la vyombo, akapanda juu ya kiti na kukipepea king'ora mpaka kikanyamaza.

"Moyo haujaniua, wewe wataka kuniua kwa moshi?"

Alikuwa anahema, lakini mzima. Nilikaa nikalia kwa furaha huku akinigombeza kama zamani. Kisha akachagua mofa isiyoungua sana, akaichovya kwenye mchuzi wa samaki, akaimaliza, akachukua nyingine. Hakusema kama ni tamu. Katika ndoa yetu nzima hajapata kunisifia chakula. Alifuta sahani kwa kipande cha mwisho.

"Kesho tia moto mdogo," akasema.

Tangu atoke hospitali, hakuwa ametaja kesho.