Chaki Tatu Nzima

Mwalimu wa darasa la nne akishikwa na wasiwasi huvunja chaki. Leo mkaguzi kaketi nyuma na kalamu yake, na tayari nne zimeshakwenda. Mwalimu aliandika ubaoni sehemu ya tatu juu ya moja, akasema mbiombio kwamba hiyo ni tatu tu, akainua kifutio.

"Mwalimu, sasa hiyo moja ya chini ni ya nini?" akauliza binti wa dawati la mbele. Miaka kumi na miwili mwalimu amelikwepa swali hilo. Akatoa chaki tatu mpya. "Kila chaki nimeikata vipande vingapi?" "Hujaikata, mwalimu. Ni kipande kimoja tu." "Basi ndiyo hiyo moja." Nyuma, kalamu ikakwaruza karatasi. Jasho likamtoka mwalimu, lakini chaki zote tatu zilirudi kwenye boksi zikiwa nzima.