Ng'ombe Wanane Wasio Wake

Hadi Mei mwaka jana, zizi la Yotham Chilongani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Bahi mjini, lilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Watatu walikuwa wake. Wanane aliwekewa na rafiki yake Eliakimu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kongwa, ambaye alipata naye kipaimara.

Mpango wa namna hii hauna karatasi, na kwa Wagogo ni wa kawaida. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Mtunzaji hunywa maziwa, huchukua samadi, na baada ya miaka kadhaa hupewa ndama. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: ng'ombe walio mbali hawahesabiwi na ndugu. Kwa hiyo mtunzaji akiulizwa ni wa nani, husema ni wake.

Yotham alisema hivyo kwa miaka kumi na miwili. Ana umri wa miaka hamsini na saba, na hana haraka ya kusema. Ng'ombe anawajua kwa tabia, mmoja mmoja. Katika wale wanane alikuwamo jike mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, mpenda mpunga. Mwaka juzi aliingia shamba la jirani. Hasara ilikuwa ndogo, yakaisha kwa kuombana radhi, lakini Yotham alimpigia Eliakimu simu.

"Mwalimu, huyu mwekundu njoo umchukue. Akinusa mpunga hasikii la mtu."

"Mvumilie, ndugu yangu. Ana mimba. Akizaa nakuja."

Ng'ombe akazaa. Mwalimu hakuja.

Jumanne moja ya Mei, Yotham aliwapeleka ng'ombe lamboni, akawaacha wakinywa maji, akaenda barabarani kupokea dawa ya minyoo iliyokuwa inaletwa na bodaboda kutoka Dodoma. Alikadiria nusu saa. Bodaboda akapata pancha Kigwe. Yotham aliporudi baada ya saa mbili, lamboni hapakuwa na kitu. Mwekundu alikuwa amewaongoza wenzake hadi kwenye majaruba ya mpunga ya mkulima aitwaye Cecilia, wakapenya kwenye pengo la ua wa miiba. Mpunga ule ulikuwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Bwana shamba alipima, akaandika hasara ya gunia kumi na mbili.

Cecilia hulima majaruba manne ya kukodi. Alikwenda kwa Yotham jioni ileile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Gladness."

"Nimekuja kwa heshima. Ng'ombe zako zimenimaliza. Utanilipa?"

Yotham anasema neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni. Kisha akakumbuka kwamba gunia kumi na mbili ni karibu thamani ya ng'ombe wake wote watatu, na kwamba aliyeongoza msafara ule si wake. Akajibu kuwa atafikiri. Alifikiri wiki tatu. Cecilia akaenda mahakama ya mwanzo kufungua madai.

Nyumbani, mkewe Restuta hakuona ugumu wowote.

"Mtaje mwenye ng'ombe, yaishe."

"Nikimtaja pale inaandikwa. Ikiandikwa, ndugu zake watajua."

"Na wetu watatu wakiisha, mwalimu atakuja tumkamue yeye?"

Njia za Yotham zilikuwa mbili. Ama auze alichokuwa nacho, ama atoboe siri aliyopewa na rafiki wa ujanani. Kufikia siku ya shauri, Restuta alikuwa ameshinda. Yotham aliondoka nyumbani akiwa amekubali kutaja jina.

Mlangoni mwa mahakama Restuta alimuuliza karani kama mumewe angefungwa.

"Mama, haya ni madai, si jinai," karani alisema. "Hapa hatutafuti wa kumfunga. Tunatafuta wa kurudisha kilichoharibika."

"Basi afadhali mngemfunga. Ng'ombe wangebaki."

Hakimu, mwanamke kijana kuliko watoto wao, alianza na Cecilia. Alitaka kujua kuhusu ule ua.

"Pengo niliacha mimi, mheshimiwa. Mkokoteni upite siku ya mavuno."

"Wiki mbili kabla ya mavuno?"

"Nilisema nitaziba. Sikuziba."

Kisha akamgeukia Yotham. "Ng'ombe ni wako?"

"Watatu wangu."

"Na wengine?"

"Wana mwenyewe." Kwenye benchi, Restuta akakohoa. Yotham akauliza, "Mheshimiwa, nikimtaja, mzigo unahamia kwake?"

Hakimu aliweka kalamu chini. "Jibu kwanza. Siku ile walikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Ulijua kuwa yule mwekundu huingia kwenye mpunga?"

"Nilijua."

"Uliwaacha na nani?"

"Sikuwaacha na mtu."

"Basi kwa mama huyu, wa kujibu ni wewe. Ukitaka mwenye ng'ombe naye aitwe, taja jina, nitaahirisha. Akija, huenda akabeba sehemu. Lakini wewe hutatoka."

Hapo ndipo wengi hukosea, na Yotham alikuwa mmoja wao. Alidhani anayemiliki ndiye anayelipa. Katika uzembe, mahakama hutazama nani alikuwa na wajibu wa kuangalia, alitarajiwa kujua nini, alifanya nini, na kama hasara imetokana na hilo. Mwenye mali anaweza kuwamo katika majibu hayo, anaweza asiwemo.

Yotham aliwatazama washauri wawili wa mahakama, kisha akamgeukia hakimu.

"Basi niandike mimi peke yangu," alisema.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Katika gunia kumi na mbili, mbili zilikatwa kwa sababu ya lile pengo, na Cecilia hakulalamika. Yotham aliuza ng'ombe wake wawili wakubwa mnadani, akalipa thamani ya kumi zilizobaki. Restuta alikaa siku nne akimjibu kwa kichwa tu.

Siku ya tano Yotham alipanda basi hadi Kongwa. Alimkuta Eliakimu nyumbani akisahihisha madaftari, akamsimulia yote, bila kuruka lile la kutotaja jina.

"Ungenitaja tu," Eliakimu alisema.

"Na ndugu zako?"

"Walijua tangu msiba wa mama. Ndugu yangu Bartolomayo alipita kwako akawahesabu kabisa. Alirudi akisema unawatunza vizuri, wamenona."

Yotham hakucheka, na Eliakimu alipoona hivyo naye akaacha kucheka. Alisogeza madaftari pembeni. Alisema kosa la kumwacha yule mwekundu Bahi lilikuwa lake, na kwamba atatuma gari dogo la mizigo kumchukua. Kisha akasema Yotham achague mitamba wawili katika wale waliobaki, mali yake moja kwa moja.

Yotham alichagua mmoja.

Restuta alipoyasikia hayo, ulimi ulimrudi. "Umepewa wawili, unarudi na mmoja. Mahakama ilikuharibu kichwa?"

"Huyo wa pili ni wa kosa langu. Nilimjua tabia, nikamwacha lamboni."

"Bodaboda ndiye aliyechelewa."

"Bodaboda hakuwa anachunga."

Hawajakubaliana hadi leo. Restuta anashikilia kwamba mwenye mali alipoonywa kwa simu, mzigo wote ulikuwa wake. Akieleza hoja yake huinua kidole kimoja kimoja, na Yotham husubiri afike mwisho, kisha hutoka kwenda kufungua zizi.