Mwaga Maji Yaliyobaki

Siku moja ya kijijini Heru Juu sijaisahau, mwanangu, ingawa shule niliishia darasa la saba na huenda nisilieleze jambo vizuri. Jana nimechungulia lile sanduku la kioo ulilokabidhiwa, nikakuta ukoko mweupe chini. Nilipokuuliza ukanijibu, "Babu, tulia, maji si yanatoka?" Yanatoka. Hata kwangu yalikuwa yanatoka.

Ujanani nililinda sanduku kama hilo. Kisima chetu kilikuwa cha chumvi. Jua likipasha maji sandukuni, mvuke hugonga kioo, ukatiririka pembeni ukiwa maji matamu. Aliyeyategemea ni bibi Domitila, jirani yetu mwenye presha, aliyekatazwa chumvi kule zahanati. Niliagizwa kila asubuhi nimwage maji mazito yaliyobaki, nisuuze, ndipo nijaze mapya. Sikumwaga. Kwa haki niseme haukuwa uvivu: huku kwetu, aliyepandisha ndoo kichwani kutoka bondeni hamwagi maji, hata ya kuoshea mihogo humpa mbuzi. Nikawa naongezea tu juu yake. Haba na haba hujaza kibaba, na chumvi nayo ina haba zake.

Ukoko ukanenepa, maji matamu yakapungua hadi kikombe kimoja kwa siku. Badala ya kusema, nikaukwangua kwa kisu, nikatoboa nailoni nyeusi iliyotandikwa chini, maji yote yakavuja. Bibi akarudia maji ya kisima, kimya kimya, mpaka miguu ikamvimba.

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta mkekani, ndala hazimwingii. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, "uliyahurumia maji. Mimi je?" Halafu akaniuliza kama nimekula. Hilo la pili ndilo lililonichoma zaidi. Tulipopata nailoni nyingine miguu ilinywea, lakini shambani hakwenda tena.

Labda walioniagiza wangenieleza sababu ningetii. Ila na mimi sikuuliza. Wewe nimekueleza mara tatu, na bado unaniambia nitulie!

Basi sikia ya nne. Mwaga kila asubuhi, mbali na mihogo, chumvi isije ikaiua. Suuza. Usiache sanduku likauke juani. Ukoko ukianza, weka maji ya ndimu, subiri ulainike, futa kwa kitambaa. Kisu kiache jikoni. Na maji yakipungua, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akubariki, mwanangu, na kila atakayekunywa kutoka mkononi mwako apate uzima.